Volkano ya Césaire: sauti ya ukombozi au kisingizio cha kungoja?

Mshairi Aimé Césaire alizaliwa mwaka 1913 huko Basse-Pointe, kisiwani Martinique katika Bahari ya Karibi, chini ya volkano ya Mlima Pelée. Tarehe 8 Mei 1902 mlima huo ulikuwa umeuteketeza mji wa Saint-Pierre na watu wapatao 28,000 kwa dakika chache tu. Kwa hiyo volkano zinapotishia kulipuka katika shairi lake refu la mwaka 1939, Cahier d'un retour au pays natal (Daftari la kurejea nchi ya kuzaliwa), hayo si mapambo.

Wanaomsifu kwa kuifanya volkano sauti ya ukombozi wana hoja nzito. Washairi wengi waliomtangulia visiwani walikuwa wakiandika minazi na machweo, ushairi wa kumfurahisha mgeni. Suzanne Césaire, mkewe, aliuchana mwaka 1942 katika jarida la Tropiques: aliuita fasihi ya sukari na vanila, utalii wa kifasihi. Mumewe aliigeuza picha hiyo. Kwake kisiwa kina njaa, kina usaha, kina hasira.

Lakini hebu tulisome shairi lenyewe. Kurasa za mwanzo kuna kilima kilichosahau kulipuka, na mjini kuna umati wenye kelele nyingi ambao umekipita kilio chake wenyewe bila kukipiga. Kilima kimelala, watu wamelala. Ni nani atamwamsha mwenzake?

Hapo ndipo wapinzani wana lao la kusema. Volkano haiitishi mkutano wala haigomi. Ukiyafananisha mapinduzi na mlipuko, mkata miwa anabaki mtazamaji anayesubiri mlima umfanyie kazi yake. Tena moto hauchagui: Saint-Pierre alikufa gavana Louis Mouttet, wakafa na watumishi na makuli. Msomaji wa Goma aliyeikimbia volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 au 2021 hahitaji kuelezwa hilo.

Wengine humkumbusha Césaire kwamba mwaka 1946, akiwa mbunge, ndiye aliyeitetea bungeni Paris sheria ya kuifanya Martinique mkoa wa Ufaransa. Hoja hii hainishtui sana. Shairi si ilani ya chama.

Kinachonisumbua zaidi ni udongo. Kuanzia 1972 hadi 1993 mashamba ya ndizi ya Martinique na Guadeloupe yalitiwa klordekoni, sumu ya kuua fukusi wa migomba. Mpaka leo imo ardhini, na imeingia mitoni na kwenye samaki. Haina moshi, haina mngurumo, na walioiruhusu wana vyeo na saini. Picha ya mlipuko haina namna ya kulisema jambo la aina hii.

Suzanne alikaribia zaidi. Katika insha yake ya mwaka 1945, Le grand camouflage, anasema uzuri wa visiwa hivi ni pazia linaloficha mateso ya watu wake. Aliandika kurasa chache mno, na jina lake hutajwa nyuma ya la mumewe. Kwa kuisoma Martinique ya leo, mimi ningeanza na yeye.