Santuri za The Apple Zilihukumiwa Kabla ya Kusikilizwa

Inasimuliwa kwamba mwaka 1980, huko Hollywood, watazamaji wa The Apple, filamu ya muziki na bunilizi ya kisayansi, waligawiwa bure santuri za nyimbo zake, nao wakazivurumisha kwenye skrini. Kisa hicho hutajwa kuwa ushahidi kwamba nyimbo zile hazifai. Mimi nakisoma vingine. Santuri uliyopewa ukumbini bado hujaiweka kwenye gramafoni. Basi kilichokataliwa siku ile ni filamu, na santuri zikaponzwa nayo.

Wanaoilaumu filamu wana hoja. Mwongozaji wake, Menahem Golan, aliipiga picha Berlin Magharibi na kuiweka hadithi mwaka 1994: vijana wawili kutoka Moose Jaw, Kanada, wanashindwa mashindano ya nyimbo, binti anasaini mkataba na kampuni ya muziki ya BIM, mwenzake anakataa. Mambo yanapokwama, mwokozi anashuka kutoka mbinguni kwa Rolls-Royce ya dhahabu. Mtunzi aliyeshindwa kufungua fundo alilolifunga mwenyewe simtetei.

Nyimbo, hata hivyo, zina asili yake. Zilianza kama mchezo wa jukwaani wa Kiebrania wa Coby Recht na Iris Yotvat, kabla ya George S. Clinton kuziandikia maneno ya Kiingereza. Zinabeba pia wazo zito kuliko hadithi inavyoweza kulihimili: kampuni ya muziki inayopima mapigo ya moyo ya wasikilizaji ili ijue wimbo gani uwauzie, na ambayo alama yake kila raia hatimaye analazimishwa kuivaa. Sisi ambao leo simu zetu hutuchagulia nyimbo tungelisikiliza wazo hilo kwa makini.

Husemwa pia kwamba mashabiki wanazipenda kwa kuzicheka tu. Wapo, hasa katika maonyesho ya usiku wa manane. Lakini kicheko hutaka wenzako wa kucheka nao, na wapo wanaozisikiliza nyumbani, peke yao, bila picha.

Hapa Tanga jambo hilo si geni, kwa kuwa taarabu yetu imechota mahadhi ya filamu za Kihindi tangu enzi za wazee wetu. Pita Ngamiani jioni, utamkuta fundi barazani, redio iko pembeni, anakanyaga cherehani huku akiufuatisha wimbo kwa mluzi. Filamu ulikotoka hajaiona, wala jina lake halijui, na mshono wake umenyooka.