Mtoto anakua kimaadili kwa ngazi kweli? Kohlberg yuko sahihi nusu

Waliosoma ualimu watakuwa wanaikumbuka ile stori ya Heinz. Mkewe anakufa kwa kansa, dawa anayo mfamasia mmoja tu, anaiuza dola 2,000 na kuitengeneza kumemgharimu 200, Heinz kakopa kila kona kapata nusu, mfamasia kagoma kupunguza na kagoma kusubiri, basi jamaa kavunja duka akaiba. Amefanya sawa? Lawrence Kohlberg, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwauliza wavulana 72 wa Chicago, wa miaka 10, 13 na 16, kwenye utafiti wake wa 1958, na yeye hakujali sana kama mtu kasema ndiyo au hapana, alitaka sababu. Mdogo anasema asiibe atafungwa. Akikua anasema mume mwema hawezi kumuacha mkewe afe, baadae anaanza kuwaza sheria na jamii nzima, na wachache sana wanafika kwenye kusema uhai unazidi mali hata sheria ikikataa. Kwa jumla alizipanga hatua sita, hizo ni baadhi tu, na kwake huwezi kuruka moja.

Kuna ukweli mkubwa hapo. Kabla yake Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, kwenye kitabu chake cha 1932, aliwasimulia watoto habari ya mtoto aliyefungua mlango akavunja vikombe 15 kwa bahati mbaya, na mwingine aliyevunja kimoja akidokoa jamu. Wadogo wengi walisema wa vikombe 15 ndo mbaya zaidi. Wakubwa kidogo wakaangalia nia.

Sasa angalia majumbani kwetu. Mtoto katumwa chupa ya chai, kateleza, chupa imepasuka, anachapwa vibaya sana kwa sababu chupa ni ghali. Kesho yake anadanganya kuhusu chenji ya shilingi mia mbili, anaambiwa tu "acha tabia hiyo". Yani sisi watu wazima ndo tunapima kwa hasara, halafu tunashangaa mtoto wa miaka 12 bado anawaza kukamatwa tu.

Ila upande wa pili nao una hoja nzito. Mwanasaikolojia Carol Gilligan, 1982, alisema utafiti uliojengwa juu ya wavulana watupu hauwezi kuwa kipimo cha wanadamu wote, maana wapo wanaoanzia kwenye swali la nani ataumia na nani wa kumtunza, na hiyo sio akili ya chini. Hapa kwetu inagusa zaidi. Mtafiti Carolyn Edwards alifanya utafiti Kenya, 1975 akaandika kwamba fikra za hatua ya tatu, za ujirani na kuaminiana, zinatosha kabisa kwa jamii ambayo watu wanaonana uso kwa uso, hatua ya nne inakuja na mambo ya serikali na mahakama. Mzee anayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba kwa kukalisha familia zote mbili, kwa kipimo cha Kohlberg anaweza kupata maksi ndogo kuliko mwanafunzi wa chuo anayejua kupanga maneno. Mimi hapo siwezi kukubali, kwa sababu ngazi ile inapima uwezo wa kujieleza, na kujieleza vizuri sio kutenda vizuri, wezi wakubwa wa mali ya umma wengi wamesoma vizuri tu.

Na hata watoto wadogo tunawadharau bure. Mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake walionyesha kuwa hata wa chekechea wanajua kumpiga mwenzako ni vibaya hata mwalimu akiruhusu, lakini mambo ya mavazi shuleni, mwalimu akisema sawa basi ni sawa.

Kwa hiyo mimi ya Piaget kuhusu nia naichukua yote, ila ya Kohlberg ya kuwapanga watu wazima juu na chini naiacha. Tanzania kanuni za 2002 bado zinaruhusu viboko mpaka vinne shuleni, na kiboko kinamrudisha mtoto palepale kwenye hatua ya kwanza, anajifunza kuogopa mkono wa mwalimu. Kabla hujachapa muulize alikuwa anafanya nini na nani kaumia, umsikilize mpaka amalize, halafu yeye mwenyewe aende kwa aliyemkosea.