Wapiga Upanga Wanane wa Fire Emblem: Smash Imewajenga au Imewatumia?

Tarehe 16 Januari 2020, Masahiro Sakurai, mwongozaji wa Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya Nintendo ya mapigano inayowakutanisha mashujaa wa gemu mbalimbali, alimtambulisha Byleth wa Fire Emblem: Three Houses kuwa mpiganaji wa mwisho katika fungu la kwanza la nyongeza za kulipia. Mashabiki wengi walinuna. Huyo alikuwa wa nane kutoka Fire Emblem, baada ya Marth, Roy, Ike, Lucina, Robin, Corrin na Chrom, na wote wanabeba upanga, hata kama mmoja anachanganya na uchawi na mwingine na mkuki. Sakurai hakujifanya haoni. Katika onyesho lile lile aligusia kwamba watu wangesema Fire Emblem imejaa mno na wenye panga wamezidi. Malalamiko hayo yanaendelea hadi leo, na wanaoyajibu wana hoja moja wanayoirudia: bila Smash, Fire Emblem isingejulikana nje ya Japani. Hoja hiyo ina ukweli, ila si mwingi kama wanavyodhani. Malalamiko nayo yana haki, ila yamelenga pasipo.

Kwa asiyeijua, Fire Emblem ni gemu ya vita inayochezwa kwa zamu, kama sataranji: uwanja wa miraba, unasogeza askari wako mmoja mmoja, ukimaliza adui naye anasogeza wake. Studio ya Intelligent Systems ilitoa ya kwanza kwenye Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo, Aprili 1990, shujaa wake akiwa Marth, mwanamfalme aliyepokonywa nchi yake. Tofauti na sataranji, kete hapa zina majina na masimulizi yao, na zikifa zimekufa. Mpiga mishale uliyemlea tangu mwanzo, akichomwa mkuki kwa sababu ulimwacha mraba mmoja mbele ya wenzake, hutamwona tena. Ama unaendelea na pengo lake, ama unazima mashine na kuanza sura upya. Wengi huzima. Raha na maumivu ya gemu hii yako hapo, katika kuukodolea macho mraba mmoja kabla ya kubonyeza. Smash haina hata chembe ya hayo. Ni gemu ya kurushana nje ya jukwaa. Ukianguka unarudi baada ya sekunde chache, na anayekaa kufikiri ameshapigwa.

Sasa hilo deni la Fire Emblem kwa Smash. Super Smash Bros. Melee ilipotoka Japani Novemba 2001, Marth na Roy walikuwamo. Katika toleo la nje nusura waondolewe, kwa kuwa hakukuwa na gemu hata moja ya Fire Emblem iliyokuwa imeuzwa huko. Wakabakizwa, wakizungumza Kijapani chao, na vijana wa Marekani na Ulaya wakaanza kuulizana hawa wawili wametoka wapi. Mwaka 2003 Nintendo ikaleta Fire Emblem ya Game Boy Advance, ya kwanza kuuzwa rasmi nje. Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; hapa kizuri kilikaa nyumbani miaka zaidi ya kumi mpaka kikatembezwa. Ila Smash haikutembea peke yake. Septemba 2001, studio hiyo hiyo ilikuwa imetoa Advance Wars, gemu nyingine ya vita vya zamu, na Wamarekani wakainunua. Melee iliwafanya watu wamuulizie Marth; Advance Wars ndiyo iliyoonyesha kwamba aina hii ya gemu inaweza kupata wanunuzi huko.

Wanaoishukuru Smash kwa kila kitu huruka kilichofuata. Ike alikuwa shujaa wa Fire Emblem mbili, ya GameCube mwaka 2005 na ya Wii mwaka 2007, kisha akaingia Super Smash Bros. Brawl mwaka 2008 pamoja na Marth. Brawl iliuza zaidi ya nakala milioni kumi. Kama nadharia kwamba Smash ni bango la matangazo ingekuwa sahihi, Fire Emblem ingepaa. Ilishuka. Gemu ya Marth ya mwaka 2010 ya Nintendo DS haikusafirishwa kabisa nje ya Japani, na hali ikafika pabaya kiasi kwamba watengenezaji waliambiwa wazi: inayofuata isipouza nakala 250,000, basi. Hiyo iliyofuata ni Fire Emblem Awakening ya mwaka 2012. Ilikuja kuuza zaidi ya milioni mbili.

Na iliuza kwa mambo yaliyomo ndani yake. Ilimpa mchezaji hiari ya kuzima kifo cha kudumu, njia iliyojaribiwa kwanza katika ile ya 2010. Iliruhusu askari waoane, kisha watoto wao wakarudi kutoka siku zijazo kupigana bega kwa bega na wazazi. Wakongwe walilalamika kwamba uchungu wa gemu umepunguzwa maji, na sioni kama walikosea sana, lakini wageni walipata pa kuingilia. Lucina na Robin, wote wa Awakening, waliingia Smash mwaka 2014, mambo yakiwa yameshanyooka. Waliletwa na mafanikio ambayo tayari yalikuwapo.

Turudi kwa wale wanane. Zelda, mfululizo mwingine wa Nintendo, ambao toleo lake moja tu limeuza zaidi ya nakala milioni 30, ina wapiganaji sita katika Ultimate. Three Houses, kwa sifa zake zote, imeuza zaidi ya milioni tatu. Ukiziweka bega kwa bega, ni rahisi kusema Nintendo inaipendelea Fire Emblem. Lakini tazama wametengenezwaje. Mapigo na miondoko ya Roy ilitokana na ya Marth. Lucina ni Marth aliyerekebishwa, na alianza kama vazi lake tu. Chrom ni Roy aliyerekebishwa. Nusu ya wanane hao ni mwili mmoja uliopigwa chapa mara nne, na kazi ya kumrekebisha mmoja hailingani hata kidogo na ya kumtengeneza mgeni kabisa. Anayedhani nafasi ya Chrom ilimnyima shujaa wake mpendwa anafanya hesabu isiyokuwapo mezani.

Swali la maana kwangu ni hili: kila mmoja wao amekuja Smash na nini kutoka kwao?

Marth ana upanga wenye makali zaidi nchani, kwa hiyo anayemjua humweka adui katika umbali ule ule kila mara, hatua moja nje ya kufikiwa. Kipimo hicho cha umbali kina harufu ya Fire Emblem. Robin ndiye bora kuliko wote. Upanga wake wa radi hufifia na vitabu vyake vya uchawi huisha ukivitumia ovyo. Anavitupa na kusubiri vijirudishe, mikono ikiwa karibu mitupu katikati ya vita. Aliyewahi kuvunjikiwa silaha katika Fire Emblem zamu moja kabla ya ushindi anaijua hofu hiyo. Byleth, aliyezomewa kuliko wote, naye hakuja mikono mitupu: mkuki ni wa Dimitri, shoka ni la Edelgard, upinde ni wa Claude, wanafunzi watatu ambao katika Three Houses unalazimika kuchagua mmoja na kupigana na wenzake. Silaha zao kukaa mkononi mwa mwalimu mmoja ni jambo ambalo gemu yenyewe haikukupa. Mimi nimeliona kuwa wazo zuri sana, na waliozomea sidhani kama walifika huko.

Roy ni kesi tofauti. Aliwekwa Melee kuitangaza gemu yake, iliyotoka Japani Machi 2002, miezi minne baadaye. Kwa kuwa ilikuwa haijatoka, Smash ilimchora kijana mwenye papara, upanga unawaka moto tangu sekunde ya kwanza. Roy wa gemu yake ni mtulivu, anayefikiri kabla ya kusema, dhaifu kwa sehemu kubwa ya vita, na ule upanga wa moto anaupata karibu na mwisho. Mashabiki duniani wamempenda kwa miaka zaidi ya ishirini, na gemu yake haijawahi kuuzwa rasmi kwa Kiingereza. Corrin naye alifika Smash kama wiki mbili kabla ya Fire Emblem Fates kuanza kuuzwa Marekani Februari 2016. Angalau huko mtu aliyevutiwa aliweza kwenda dukani.

Kuna wanaosema gemu ya kuwakutanisha magwiji, kama Smash, hudumisha kumbukumbu, na ushahidi wao ni Fire Emblem Heroes, gemu ya simu ya mwaka 2017 ambamo unalipia bahati nasibu ya kuwapata mashujaa wa zamani. Katika kura ya kwanza ya mashabiki kuhusu gemu hiyo, Ike aliongoza kwa wahusika wa kiume na Roy akamfuata, wote wa Smash. Lakini kwa wahusika wa kike Lucina alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Lyn, ambaye katika Smash huitwa kama msaidizi, anakata pigo moja na kutoweka. Mashabiki walimpenda walipomchezesha katika Fire Emblem ile ya 2003, mkononi mwao, akiwa hatarini kufa.

Fire Emblem Engage ya Januari 2023 ilikwenda mbali zaidi: mashujaa kumi na wawili wamefungwa ndani ya pete, unavaa na kuungana nao kwa zamu chache. Kama ufundi wa vita, sina la kusema ila sifa. Pete ya Micaiah huponya jeshi zima na kumwacha mponyaji akiwa na uhai wa kipimo kimoja tu. Ya Sigurd humfikisha mpanda farasi mbali kuliko adui alivyopiga hesabu. Hata hivyo Sigurd wa gemu ya 1996 ni mtu aliyesalitiwa na kuuawa pamoja na jeshi lake hadithi ikiwa nusu, na ndani ya pete hayo ni vigumu kuyahisi.

Mwaka ule ule wa Byleth, Desemba 2020, Nintendo ilitoa kwa Kiingereza gemu ya Marth ya 1990, miaka thelathini baada ya Japani. Ikaiondoa sokoni Machi 31, 2021. Wakija na mpiga upanga wa tisa sitapinga, mradi kwanza wauze ya Roy na ya Sigurd kwa lugha ambayo walio nje ya Japani wanaisoma, na waziache dukani.