Shule Chini ya Bomba la Moshi

Hadithi za kubuni za kisayansi zina sayari moja isiyoisha kurudiwa: ardhi yote ni viwanda, mwenye mali ni kampuni moja, na mtoto husoma katika darasa la kampuni ili kesho ashike koleo la baba yake. Msomaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, miji ya migodi ya Katanga huko Kongo, hana haja ya kwenda angani kuitafuta sayari hiyo, kwa kuwa babu yake aliishi humo, na ukimuuliza babu mwenyewe, huenda akaisifu. Sifa hizo ndizo zinazoufanya mjadala wa shule za kampuni kuwa mgumu kuliko hadithi zinavyoueleza.

Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyochimba shaba ya Katanga, ilianzishwa mwaka 1906 na ikaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Mwanzoni iliendeshwa kwa nguvu za vibarua wa muda mfupi waliotoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), jimbo la Kasai na kwingineko, ambao wengi walitoroka au walikufa kwa maradhi kabla hawajaizoea kazi. Kuelekea mwaka 1928 wakubwa wa kampuni walibadili hesabu zao: mfanyakazi apewe mkataba wa miaka mitatu, aje na mke wake, mtoto azaliwe katika hospitali ya kampuni na asome katika shule ya kampuni. Madarasa yalikabidhiwa wamisionari wa Kikatoliki, hasa watawa Wabenedikto waliokuwa chini ya Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa kanisa hilo Katanga. Hiyo haikuwa sadaka. Kibarua mgeni humgharimu mwajiri nauli, mafunzo na pengine mazishi, ilhali mtoto wa kambini hukua akijua king'ora hulia saa ngapi na kwa nini watu hukimbia kikilia.

Wanaozitetea shule hizo wana hoja nzito. Serikali ya kikoloni ya Kongo haikufungua shule zake za kilei kwa ajili ya watoto wa Kiafrika hadi mwaka 1954, kwa hiyo mzazi wa kambini hakuwa akichagua kati ya shule ya kampuni na shule iliyo bora kuliko hiyo. Nje ya kambi kulikuwa na misheni, mara nyingi darasa moja lenye katekista na Biblia. Ndani ya kambi palikuwa na mwalimu, daktari, maji safi na posho ya unga, na vyote vilifika kwa wakati. Wakatanga waliposema kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama, hawakuwa wamelogwa; walikuwa wamelinganisha.

Lakini baba huyo alikuwa amekwisha kuamua mwanawe afike wapi. Mvulana alifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, kisha akaelekezwa kwenye useremala, ufundi wa mashine au, akiwa na bahati, ukarani. Msichana alipelekwa kushona, kupika, kupiga pasi na kulea, awe mke anayefaa kwa fundi. Kutoka uwanja wa shule kule Lubumbashi mtoto angeweza kuliona bomba la moshi la kiwanda, lenye urefu wa mita 153, na mtaala wake wote ulielekea huko. Chuo kikuu kilifunguliwa mjini humo mwaka 1956 tu, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada katika nchi nzima hawakufika 30. Lawama hiyo haiangukii kampuni peke yake, kwani dola na kanisa walikuwa washirika wake, ila kampuni ndiyo iliyonufaika zaidi na dari hiyo fupi.

Jambo linalotuhusu kwa karibu sisi wenye Kiswahili ni lugha ya darasa. Kambi ilikuwa na Waluba, Wabemba, Walunda na wengine wengi, na Kiswahili kikateuliwa kuwa lugha ya amri kazini na ya masomo ya mwanzo shuleni. Mtoto alielewa anachofundishwa, faida ambayo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wangali wanaililia leo, na watoto wa makabila tofauti wakapata lugha ya kuchezea, kuchumbiana na kugombana, ambayo wajukuu wao wanaiita ya kwao. Hata hivyo Kifaransa, lugha ya ofisi, ya mahakama na ya mishahara mikubwa, kiligawiwa kwa kijiko. Lugha ileile iliyomwezesha mtoto kuelewa somo ilikuwa pia ukuta kati yake na meza ya meneja. Naona ni kosa kukilaumu Kiswahili kwa ukuta huo, maana aliyeujenga ni yule aliyeshika kijiko cha Kifaransa.

Tena elimu haina adabu ya kubaki pale ilipopangiwa. Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa, waligoma kudai nyongeza ya mishahara, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Léonard Mpoyi, karani msomi. Aliuawa kwa risasi pamoja na wagomaji wenzake wengi. Kampuni ilihitaji watu wa kuandika orodha za mishahara, na mtu anayeziandika huona pia tofauti zilizomo.

Mimi naona udhaifu mkubwa wa mfumo huu ulijitokeza baadaye, katika mikono ya Wakongo wenyewe. Mwaka 1967 migodi ilitaifishwa, na shirika lililokuja kuitwa Gécamines likarithi shule, hospitali na mifuko ya unga. Katikati ya miaka ya 1980 lilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, na baada ya uporaji na vurugu zilizofuata, uzalishaji wa mwaka 1994 ulikuwa kama tani 30,000. Shule ziliporomoka kwa kipimo hichohicho. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mkupuo, na watu ambao hawakuwa wamewahi kulipa minervali, yaani karo, wakajikuta wakihesabu noti mlangoni mwa shule. Wengine waliwapeleka wanao machimboni.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Ni hatua afadhali, kwa sababu fedha hizo ni wajibu wa kisheria na si hisani. Ila asilimia ya mauzo ni asilimia ya bei. Kobalti, madini ya betri yanayochimbwa Kolwezi, iliyopanda sana mwaka 2018 ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kufikia mwaka uliofuata, na idadi ya watoto waliongojea mwalimu Kolwezi haikupungua nayo.