Impreza STI au Lancer Evo: ipi ya kuzungusha uwanja wa mbio?

Fungua boneti ya Lancer Evolution IX, Evo ya Mitsubishi: injini yake ya 4G63 imesimama wima, plagi nne zimejipanga juu. Fundi anatoa kifuniko, anazichomoa, na chai yake bado ina moto. Nenda sasa kwa Subaru Impreza WRX STI ya miaka hiyo hiyo. Injini imelala, silinda mbili kila upande, na plagi zinatazamana na ubavu wa gari. Inabidi betri itoke, kasha la ea klina litoke, kisha fundi apapase kwa vidole bila kuona anachoshika.

Naanza na plagi kwa sababu ubishi wa magari haya hapa Kenya huanzia Safari Rally na kuishia huko huko: dereva Tommi Mäkinen alishinda 1996 kwa Evo, mwaka uliofuata Colin McRae akashinda kwa Impreza. Ni historia tamu, lakini haimsaidii mtu anayetaka kuzungusha gari lake uwanjani Jumapili na Jumatatu aende nalo kazini.

Kule kulala kwa injini ya Subaru kuna faida yake. Uzito unakaa chini, gari linaingia kona limetulia, na dereva anaweza kurekebisha kwa kidole mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Evo ina mfumo wa AYC, unaopeleka msukumo zaidi kwenye gurudumu la nyuma la upande wa nje wa kona, na pua ya gari inageuka kuliko ulivyotegemea. Mpe dereva mgeni magari yote mawili. Naamini kwenye Evo atakuwa na kasi zaidi tangu mzunguko wa kwanza.

Pengo linapanuka ukitaka kuongeza nguvu. Bloku ya 4G63 ni chuma cha kusubu, na wengi wameifikisha nguvu farasi 400 bila kugusa pistoni, ilhali kiwandani iliandikwa 280. Bloku ya Subaru ni ya aluminiamu. STI ya lita 2.5, iliyotengenezewa masoko ya nje, inajulikana kwa pistoni kupasuka penye ringi injini inapogonga, yaani petroli inapojiwakia vibaya ndani ya silinda. Injini ya EJ207 ya lita 2.0, ya STI za soko la Japani, ni ngumu zaidi. Hata hivyo kompyuta yake imepangiwa petroli ya Japani yenye oktani (kipimo cha petroli kukinza kugonga huko) inayokaribia 100, na super yetu haifiki hapo. Kabla ya kuwaza turbo kubwa, ipangwe upya kwa petroli tunayouziwa. Halafu kuna oili ya Subaru: kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja, pampu ya oili inabaki ikivuta hewa.

Kwa hesabu ya mashine peke yake, Evo inashinda. Ila gari la uwanjani huvunjika, na hapo ndipo moyo wangu unarudi kwa Subaru. Uzalishaji wa Evo uliisha 2016, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Pampu ya AYC ikifa, utaisaka kwa wiki nyingi. Forester na Impreza za kawaida zimejaa barabarani, kwa hiyo Kirinyaga Road, Nairobi, hukosi spea nyingi za jamii hiyo, na fundi aliyezizoea yupo karibu kila mtaa.

Kwa anayeanza, ningesema STI ya lita 2.0, turbo ile ile ya kiwandani. Pesa ya kwanza iende kwenye pedi, mafuta ya breki yanayostahimili joto, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) isiyoruhusu oili kukimbia. Nimewahi kukanyaga pedali ikazama hadi chini kwa sababu mafuta ya breki yalichemka. Nguvu niliyoongeza haikunifaa kitu siku hiyo.

Na mwenye Evo tayari asiiuze. Hataweza kuagiza nyingine.