Mlinzi akigeuka: kuandika skripti ya muvi kutoka kwenye gemu ya kunyata

Kila ikitoka habari kwamba gemu fulani ya kunyata, zile ambazo unajificha badala ya kupigana, inatengenezewa muvi, watu wanagawanyika palepale. Wapo wanaosema haiwezekani, ukishamnyang'anya mtu pedi ya kuchezea mkononi gemu imekufa, kilichobaki ni mtu aliyevaa nyeusi anayetambaa gizani. Na wapo wanaosema acheni hizo, muvi za kuvizia na kuiba kimyakimya zipo miaka nenda miaka rudi na watu wanazipenda, tatizo ni waandishi wavivu tu. Mi hizi gemu nimezicheza muda mrefu, na hivi karibuni nikajaribu kuandika skripti moja ya kujifunzia, haina mnunuzi wala mtu aliyeniagiza, kwahiyo nimekaa kambi zote mbili, na kila kambi nimeikuta ina shimo lake.

Niwaanze wanaosema haiwezekani, maana hoja yao ina nguvu kuliko wenyewe wanavyoieleza.

Mwaka 1987 Hideo Kojima alikuwa anatengeneza gemu ya vita ya kompyuta ya MSX2, na mashine yenyewe ilikuwa haiwezi kubeba maadui na risasi nyingi kwa mpigo kwenye skrini moja, basi akaona bora mchezaji asipigane, ajifiche. Ndo ikazaliwa Metal Gear. Yaani gemu hizi mzizi wake ni upungufu, huna risasi za kutosha, huna ubavu, ukionekana umekwisha. 1998 ikaja Thief, ina kito chini ya skrini kinachong'aa kukuonyesha uko kwenye mwanga kiasi gani, ukikanyaga marumaru unasikika, ukikanyaga zulia husikiki, na una mishale ya maji ya kuzimia mienge ukutani. Mwaka huohuo Metal Gear Solid ikaleta kiramani kwenye kona kinachoonyesha macho ya mlinzi yanaelekea wapi, na ile alama ya mshangao inayoruka juu ya kichwa chake akikuona, na ule mlio, we uliyecheza mlio unaujua.

Vyote hivyo ni taarifa anazopewa mchezaji ili apige hesabu. Huyu anageuka baada ya sekunde nne, yule anakohoa kwanza ndo anatembea, nikipita hapa kabla hajamaliza kukohoa nafika kwenye lile kreti. Ukikosea unalodi upya. Mtu anafia kwenye korido moja mara 11, ya 12 anapita kama jini, na raha yote imejengwa na zile 11. Sasa muvi inapata wapi hizo 11? Kwenye muvi anapita mara moja tu, na kwa anayetazama inaonekana kama ilikuwa rahisi.

Hili mi lilinipiga usoni. Nilichukua misheni moja nikaicheza kama dakika 40 na daftari pembeni, kila ninachofanya naandika. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kama dakika moja ya muvi, kwahiyo nilitegemea kitu kama kurasa 40 za malighafi. Nikapata mbili na nusu. Ananyata. Anasimama. Anasubiri. Ananyata. Kuna sehemu nilikaa nyuma ya kreti kama dakika tisa nzima nasoma mzunguko wa mlinzi mmoja, mikono inatoka jasho, na kwa kweli ndo ilikuwa dakika tamu kuliko zote. Kwenye daftari imeandikwa neno moja, "anasubiri".

Alafu kuna suala la mhusika. Yule 47, muuaji wa kukodiwa wa gemu za Hitman, upara na alama ya msimbo nyuma ya kichwa, ameachwa mtupu makusudi ili wewe ujijaze ndani yake. Kwenye gemu za kuanzia 2016 anavaa nguo za mpishi au za mlinzi anapita katikati ya watu na lile sura lake la jiwe na hakuna anayeshtuka, ni kichekesho kimyakimya. Muvi zake mbili, ya 2007 na ya 2015, zimejaa risasi mwanzo mwisho. Sasa kwenye gemu, ukianza kumwaga risasi hovyo maana yake umeharibu. Kwahiyo wale waandishi walichukua kile ambacho kwetu ni kufeli wakakifanya ndo muvi nzima. Lakini tuseme na ukweli mwingine, ile ya 2007 iligharimu kama dola milioni 24 na ikaingiza zaidi kidogo ya milioni 100 duniani. Ukienda kwa prodyuza na hoja yangu ya "mmeisaliti gemu" atakuonyesha hesabu hiyo na atarudi kunywa chai yake. Hapo sina cha kumjibu zaidi ya kusema mi sikuipenda.

Haya, kambi ya pili. Hawa wana mtu mkubwa nyuma yao, mwongozaji wa muvi Alfred Hitchcock, na mfano wake wa bomu chini ya meza. Anasema watu wamekaa wanapiga stori, bomu likilipuka ghafla mtazamaji anashtuka sekunde chache basi imeisha, ila ukimwonyesha bomu mapema, na saa ukutani, na wale watu hawajui kitu, unampa dakika kadhaa za roho mkononi kwa maongezi yaleyale ya kipuuzi. Ukiangalia vizuri hiki ndicho kile kiramani cha kwenye kona. Mchezaji anaambiwa macho ya mlinzi yako wapi, mtazamaji anaonyeshwa na kamera. Taarifa ileile, mlango tofauti. Na kimya siyo sumu kwa watazamaji, kuna muvi ya Kifaransa ya 1955, Rififi, ina tukio la wizi la karibu nusu saa halina neno wala muziki, na hilo tukio ndo limeiweka hai mpaka leo.

Kwahiyo "haiwezekani" imeanguka? Kwa upande huo ndiyo. Ila hawa ndugu zangu wanasahau kitu, ile ni nusu saa ndani ya muvi ya karibu saa mbili, kilichobaki ni watu wenye madeni, wake, wivu na midomo mirefu. Gemu ya kunyata ni saa 15 za hiyo nusu saa. Ukisema tu "sinema inajua kunyamaza" hujanisaidia kujua ile saa moja na nusu nyingine naijaza na nini, na hapo ndipo skripti nyingi zinapokwenda kukopa milipuko.

Wengine watajibu jaza na stori ya gemu yenyewe, si ipo? Hasa mashabiki wa Metal Gear Solid, wanakwambia hii ni muvi tayari, ile ya nne ya 2008 mwishoni ina vipande vya kutazama tu vinavyopita saa nzima, we piga picha tu. Mi nakataa. Chukua vitu ambavyo watu wanavikumbuka miaka yote hii. Kwenye ile ya 1998 adui mmoja, Psycho Mantis, anasoma memori kadi yako anakutajia gemu unazocheza, anakuambia weka pedi sakafuni aisogeze kwa nguvu za akili, na kumshinda inabidi uchomoe pedi uichomeke tundu la pili. Au ya tatu, ya 2004, pale kwenye shamba la maua meupe mwishoni (kama hujacheza ruka mpaka mwisho wa aya hii), mama aliyekulea kivita amelala chini, bunduki unayo wewe, na gemu inasimama. Haiendi. Inakungoja ubonyeze mwenyewe. Mtoe mchezaji hapo, unabaki na mwanamume anampiga risasi mwanamke kwenye maua, picha nzuri, imeisha.

Lakini gemu hiyohiyo ndo ilinifungua macho. Kuna sehemu unatembea mtoni na wafu wanakujia mbele, na ni walewale uliowaua wewe njia nzima. Aliyeua wengi atapita katikati ya kundi, aliyeua wachache anapita karibu peke yake. Nikajiuliza, kwenye skripti hiki kitu kinawezekana? Kinawezekana kabisa, ila kwa sharti moja, kila mlinzi aliyekufa huko nyuma awe na sura ambayo mtazamaji ataitambua akirudi.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kambi zote mbili zimekosea mahali pa kutazama. Wanagombania shujaa, tumwonyesheje, aongee asiongee, kama ni Sam Fisher wa gemu za Splinter Cell avae ile miwani yake ya taa tatu za kijani au asivae. Mtu wa kuandikwa ni mlinzi. Kwenye gemu mlinzi ni saa ya ukutani, anakwenda anarudi, na ni sawa maana unamsoma wewe. Kwenye muvi hakuna anayeisoma hiyo saa, inabidi mlinzi awe mtu. Na gemu zenyewe zilishaanza kudokeza, misheni ya kwanza ya Thief ina walinzi wawili nje ya jumba wanabishana kuhusu mapigano ya dubu, siku hizi dubu gani hawa, na wewe umejibana gizani unacheka. Ile ni sini ya muvi tayari, haihitaji kubadilishwa chochote.

Basi nikarudi kwenye zile dakika tisa zangu nikaziandika hivi:

NDANI. KORIDO YA GHALA. USIKU.
Mlinzi anasimama dirishani. Anavua kiatu cha kulia, anakung'uta kijiwe. Nyuma yake, chini ya meza, mkono wenye glovu unarudi nyuma taratibu. Mlinzi anavaa kiatu. Anaangalia kamba ya kiatu iliyolegea. Anaiacha.

Nusu ukurasa hata haifiki. Ila kuanzia hapo kile kiatu kinapiga kwap, kwap, na mtazamaji ameshakijua, kwahiyo sini tatu mbele giza likiwa totoro na hatuoni kitu, tukisikia kwap tunajua ni nani na yuko umbali gani. Ramani nimeipata na sijaweka ramani. Na yule wa chini ya meza naye ameharibikiwa, maana mzunguko aliousoma sasa umechelewa kwa muda wa kijiwe kimoja.

Gharama yake ipo na siyo ndogo. Ukishampa mlinzi kiatu na uchovu, siku shujaa wako akimkaba shingo mtazamaji anakuwa upande wa mlinzi, na studio inayotaka shujaa wa kuuza fulana haitakuelewa. Na shabiki aliyelipia kumwona Sam Fisher hatafurahi kupewa robo ya muvi na mtu wa getini. Muvi ya Splinter Cell yenyewe, Tom Hardy alitajwa kuwa ndo atakayeigiza tangu 2012, na kufikia 2024 prodyuza wake akasema imeachwa, skripti ikiwa moja ya vitu ambavyo havikukaa sawa. Miaka 12 hiyo, na hao ni watu wenye hela na waandishi wa kulipwa. Mfululizo wa tivii unaweza kuwa nyumba nzuri zaidi kwa sababu una muda wa kukaa na walinzi, ila una ugonjwa wa kurefusha stori mpaka ikose presha, hilo tuliache.

Kinachonisumbua sasa ni swali la kuonekana. Kwenye gemu sifa ni kupita bila mtu kujua, unaitwa mzimu, unapewa alama za juu. Kwenye muvi mtu asipoonekana kabisa hakuna muvi. Shujaa wangu nimemfanya aonekane ukurasa wa 61, na anayemwona ni yule wa kiatu, wamesimama mita mbili, mmoja ana begi la nyaraka, mwingine kidole kiko kwenye kitufe cha redio. Rafiki yangu aliyeisoma anasema abonyeze, king'ora kilie, bila hivo huna nusu ya pili. Mi nimeandika anabonyeza nikafuta, nikaandika tena nikafuta, na mpaka sasa ukurasa unaishia na kidole.