Kabla hujaniuliza "umekula nini?"

Usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita nimelala na sukari ya damu 5.8, namba nzuri tu, nimepima mwenyewe saa nne usiku, sikula kitu tena, saa kumi na mbili asubuhi naamka napima mashine inasoma 12.4, iko juu. Shangazi alikuja kutoka Morogoro akalala kwetu, akaiona ile namba na neno lake la kwanza likawa "jana usiku umekula nini wewe?" Hakuuliza kwa ubaya, ananipenda sana, ila hilo swali naulizwa mwaka wa 11 huu tangu nianze sindano na kwa kweli nimelichoka, na naamini kabisa linatuumiza wagonjwa wa sukari kuliko watu wanavyodhani.

Sikula kitu. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili unaanza kujiandaa kuamka, unatoa homoni, ini nalo linamwaga sukari kwenye damu ili mtu aamke na nguvu. Mtu asiye na kisukari kongosho lake linajibu palepale kwa insulini, ile homoni ya kushusha sukari, mimi wa kisukari cha aina ya kwanza kongosho langu halijibu, kwa hiyo sukari inapanda nikiwa nimelala fofofo ndani ya neti. Kuijua hiyo ilibidi nitegeshe alamu siku tatu mfululizo niamke saa tisa nipime. Ingekuwa iko chini hiyo saa tisa ningempelekea daktari habari nyingine kabisa, lakini ilikuwa 6 na kitu siku zote tatu halafu asubuhi iko juu, tukajua ni ya alfajiri na dozi ya usiku ikarekebishwa. Imetulia kiasi, haijaisha, ndo kama hiyo Jumapili.

Sisemi chakula hakihusiki jamani. Ugali ni wanga, uwe wa sembe uwe wa dona, na hao wanaotwambia kula dona hata mlima maana "haina sukari" wanatupoteza. Nachosema ni kwamba sahani ile ile ya wali maharage, nimepima kwa kikombe kile kile, dozi ile ile, Jumatatu inanipa 8 na Jumanne 14. Kuna siku sukari ilishinda kwenye 17, 18 na nilikuwa nakula vizuri tu, nikalaumiwa nyumba nzima, kesho yake jioni homa ikaja juu, kupima malaria. Mwili ulishaanza kupambana kabla mimi sijajua naumwa. Kuna siku nimemenya embe nikapima bila kunawa, ikasoma 16, nikanawa na sabuni nikarudia, 7.1. Fikiria ningechoma insulini ya ile 16!

Sasa hapa ndo panaponiuma. Ukiulizwa "umekula nini" kila namba ikiwa mbaya, unajifunza kuficha namba. Mimi nimeficha. Kama miaka mitano iliyopita usiku wa kuamkia kliniki nilikaa kitandani na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi ili isionekane imeandikwa siku moja, nikajaza daftari la mwezi mzima: 6.4, 7.0, 5.9, 8.1. Namba za mtoto mzuri. Kisha kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikatoka asilimia 10.3, juu sana, na daktari akabaki anageuza kurasa bila kusema kitu. Nililia kwenye benchi pale nje. Na kuna watu wengi tu nimekaa nao foleni wameniambia na wao wanajaza madaftari hivyo hivyo, watu wazima, baba zangu kabisa wenye wajukuu, kwa sababu hawataki kugombezwa mbele za watu na nesi mwenye umri wa binti yao. Daktari anapanga dozi kwa namba za uongo, hapo mgonjwa anaweza kufa.

Aliyenitoa huko ni nesi mmoja ambaye hakuniuliza nimekula nini. Alisema, "dada yangu hebu nionyeshe unapochoma." Nikainua blauzi. Akaminya minya pembeni ya kitovu kushoto na kulia, akanishika mkono akaniambia na wewe shika hapa, nikashika, kulikuwa na vinundu vigumu kama ndimu ndogo chini ya ngozi. Nilikuwa nachoma hapo hapo miaka yote kwa sababu hapaumi tena. Akanielewesha kwamba insulini ikiingia kwenye kinundu haitoki kwa mpangilio, leo inatoka nusu, kesho haitoki, keshokutwa inamwagika yote, sasa wewe utajuaje? Akaniambia nihamie mapajani na upande wa nyuma wa mikono, nizungushe, sindano isirudi palepale, ila akaongea na daktari kwanza dozi ikapunguzwa maana sehemu nzima inanyonya dawa yote. Hata na hiyo tahadhari siku ya nne nafua nguo mikono ikaanza kutetemeka, jasho, nikapima 2.9, imeshuka mno. Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikakaa chini dakika 15, nikarudia kupima, 4.6, nikala mkate. Yani miaka ile yote nagombezwa kwa chapati, tatizo lilikuwa tumboni kwangu na kidole kingeweza kulipata.

Nadhani hili swali ni la kale. Kabla ya insulini kuanza kutumika kwa binadamu mwaka 1922 kule Toronto, dawa ilikuwa kunyimwa chakula, watoto wa aina ya kwanza walikuwa wanashindishwa njaa ili waishi miezi zaidi. Kipindi hicho kuuliza chakula tu ilikuwa na maana. Leo kuna mengi ya kuuliza kabla: umelalaje, umechoma wapi, ile insulini nyeupe kama maziwa uliizungusha viganjani ikachanganyika, chupa umefungua lini, umeme ulivyokatika siku mbili ulihifadhi wapi na joto hili la Dar, uko kwenye siku zako, kuna jambo linakusumbua kazini? Stripu nazo, vile vijikaratasi vya kupimia sukari. Boksi la 50 nikipima mara mbili kwa siku ni siku 25, na bei yake inakula hela ya mboga, kwa hiyo mtu anayekuonyesha namba amelipia ile namba, usimpokee kwa hasira.

Mama ameshabadilika. Siku hizi nikisema imepanda anasema "pole mwanangu, sindano ya asubuhi ulichoma wapi?" na tunakaa tunatafuta wote, wakati mwingine tunapata sababu, wakati mwingine hatupati kabisa na sukari inashuka yenyewe kama ilivyopanda.

Kliniki yangu ni Jumanne. Daftari lina 3.1 moja, lina 15 na kitu mara nne, kuna wiki moja stripu ziliisha nimeacha wazi na nimeandika "stripu ziliisha". Ile 12.4 ya Jumapili ipo, na pembeni nimeandika 5.8 ya saa nne usiku.